Waraka kwa Wanachama: Nani Alitafuta, Lini, na kwa Muda Gani?

Kwa wanachama wote wa chama chetu cha ulinzi wa misitu, matawi yote ya Kwale. Kwa wazee wa kaya, vijana wa doria, na akina mama wa vitalu vya miche.

Kuhusu: kutafuta wanyama, ndege na mimea iliyo hatarini kutoweka pale panapotakiwa kuchimbwa madini.

Ndugu zangu,

Hamu ya madini ya kilima cha Mrima imerudi. Dunia inataka niobiamu ya kuimarishia chuma, na inataka madini adimu ya kutengenezea sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Na kila mwenye ramani ya miamba ya pwani yetu anajua kwamba kilima kile kimebeba yote mawili. Mgodi wa titaniamu wa Kwale ulifungwa mwishoni mwa mwaka 2024 na umewaacha vijana wengi vibarazani. Kwa hiyo mwekezaji ajaye atapokewa kwa vifijo, na simlaumu kijana atakayevipiga. Mimi binafsi sitaki kuiona Mrima ikichimbwa, maana ni kaya, msitu wetu mtakatifu, na wazee wetu wamezikwa pale. Lakini chama hiki kina wanachama wanaoutaka mgodi na wasioutaka, na waraka huu ni wa wote. Nawaandikia juu ya kazi moja inayotangulia mabishano hayo, kazi tunayoiweza kuliko mtu mwingine yeyote: kujua kwa ushahidi ni viumbe gani walio hatarini wanaoishi pale.

Nianze na mambo ya mwaka 2013, kwa sababu wengi waliojiunga karibuni walikuwa watoto. Mwezi wa Machi mwaka ule, siku tatu tu baada ya uchaguzi mkuu, kampuni ya Cortec Mining Kenya ilipewa leseni maalumu ya kuchimba Mrima. Ilipofika Agosti serikali mpya ikaifuta. Kampuni na washirika wake wakaishitaki Kenya katika ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, wakidai fidia ya zaidi ya dola bilioni mbili. Oktoba 2018 wasuluhishi wakayatupa madai yote. Walisema leseni ile haikuwa na nguvu ya kisheria tangu siku ya kwanza: Mrima ni msitu wa hifadhi tena ni kumbukumbu ya taifa, ridhaa zinazotakiwa hazikuwa zimepatikana, na sharti la tathmini ya athari kwa mazingira halikutimizwa inavyopasa. Kilichokuwa kimepangwa ni kuondoa tani milioni 130 za mawe na udongo kutoka kilima ambacho mtu anaweza kukizunguka kwa miguu asubuhi moja.

Wengi hudhani tathmini ni karatasi ya kujazwa ili mambo yaende. Kukosekana kwa karatasi hiyo kulichangia kuangusha dai la mabilioni ya dola. Lakini safari ile serikali ilishinda kwa sababu taratibu zilirukwa. Mwekezaji anayekuja atakuwa ameisoma hukumu ile neno kwa neno, na hatarudia kosa. Ataajiri wataalamu waliosajiliwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, atafuata kila kifungu, na ataleta ripoti nene yenye picha za rangi. Mle ndani kutakuwa na sura ya wanyama na mimea, na katika sura hiyo kutakuwa na jedwali, na kwenye jedwali, mbele ya majina ya viumbe wetu walio hatarini, kutaandikwa kwamba hawakuonekana. Kurasa chache mbele, bila mtu kusema uongo wowote, “hawakuonekana” itakuwa imegeuka “hawapo”. Hapo ndipo ninapoomba kila mmoja wenu asimame na kuuliza: nani alitafuta, lini, wapi, na kwa muda gani?

Niwape mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu ukiuelewa huu mengine yote utayaelewa. Kuna ndege wa sakafu ya msitu ambaye wataalamu humwita Geokichla guttata. Mgongo wake ni wa hudhurungi, kifua cheupe chenye madoa meusi mazito, na kwenye bawa ana mistari miwili ya madoa meupe. Hutembea chini ya miti akipindua majani makavu kutafuta wadudu, na akisikia mguu wa mtu husimama kimya kabisa. Unaweza kumpita hatua nne usimwone, kwa sababu madoa yale yanafanana mno na vipande vya jua vinavyopenya kwenye majani. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika Orodha Nyekundu kama spishi iliyo hatarini. Wale wanaoonekana katika misitu ya pwani ya Kenya ni wageni wa msimu: hufika kuanzia Machi au Aprili, wakakaa kipindi cha kusi, na kufikia Novemba wameshaondoka kurudi kusini wanakozalia.

Sasa fikirini mtafiti anayekuja Januari. Ni mwezi mzuri wa kazi. Njia ni kavu, gari linapita, na mwaka wa fedha wa kampuni umeanza. Atatembea msituni kwa uaminifu wote, asubuhi na jioni, ataandika kila alichokiona, na hatamwona ndege huyu hata mmoja. Ripoti yake itakuwa ya kweli tupu. Hata hivyo haitatuambia lolote juu ya ndege huyu, maana ilimtafuta akiwa safarini. Mtu wa vijiji vya Kiruku au Kikonde anayekata njia ya msitu mwezi wa Julai angeweza kumwambia hilo kwa dakika moja, kama angeulizwa, na kama angekuwa na mahali alipoliandika.

Hata msimu ukiwa sahihi, ipo hesabu ambayo nataka kila katibu wa tawi aiweke kichwani. Chukua kiumbe aliyepo kweli lakini mgumu kuonekana, kiasi kwamba kila ziara moja ina nafasi moja kati ya tano ya kumwona. Mtafiti akienda mara moja, uwezekano wa kumkosa ni asilimia 80. Akienda mara tano, uwezekano wa kurudi mikono mitupu bado ni asilimia 33 hivi. Akienda mara kumi, ni kama asilimia 11. Ili ushuke chini ya asilimia 5 itabidi aende mara 14. Na hapo tumechukulia kwamba kila ziara ni ya saa na msimu unaofaa. Ripoti inayosema kiumbe fulani hayupo baada ya ziara ya siku tatu haiwezi kubeba uzito huo, hata iwe imetiwa sahihi na profesa.

Saa nazo zina mambo yake. Bundi mdogo wa Sokoke, mwenye urefu wa sentimita 16 hivi, alijulikana na wanasayansi mwaka 1965 katika msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba haishi mahali pengine popote duniani. Mwaka 1992 akapatikana chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, mamia ya kilomita kutoka pale. Hakuwa amehamia. Alikuwako siku zote. Ndege huyu hutafutwa kwa sikio, gizani, kwa kusimama na kusikiliza, pengine kwa kumchezea sauti yake ili ajibu. Tathmini iliyofanywa mchana peke yake haijamtafuta bundi, haijamtafuta komba, wala haijamtafuta popo hata mmoja.

Halafu kuna walio chini ya ardhi. Wakulima wa Changamwe na Shimba wamekuwa wakimtupa kando kiumbe mmoja wanapolima, wakidhani ni mnyoo mkubwa au nyoka kipofu. Hana miguu, mwili una pete kutoka kichwani hadi mkiani, na ni jamaa wa vyura. Jina lake la kisayansi, Boulengerula changamwensis, limetokana na Changamwe yetu. Kamera haiwezi kumpata. Wavu hauwezi. Hutafutwa kwa jembe: unapima kipande cha ardhi yenye kivuli na unyevu, unapindua magogo yaliyooza, unachimba taratibu na kuuchambua udongo kwa vidole, kisha unarudisha kila kitu kilivyokuwa. Mkisoma ripoti ya mgodi, ambao kazi yake yote ni kuondoa udongo, tafuteni mstari unaosema walichimba wapi kumtafuta kiumbe wa udongoni. Kama mstari huo haumo, ulizeni kwa nini.

Vyura wenyewe wanataka mvua. Yule chura mdogo wa Shimba mwenye michirizi myekundu, Hyperolius rubrovermiculatus, hajulikani popote isipokuwa Shimba na pembezoni mwake, naye yuko kwenye orodha ya walio hatarini. Huonekana kwenye vidimbwi na mabwawa wakati wa kuzaliana, usiku, mvua zikiwa zimenyesha. Sisemi yuko Mrima. Ninasema kwamba hakuna anayeweza kusema hayuko kama hakwenda na tochi kwenye vidimbwi wakati wa masika.

Na ndugu zangu, sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013 inahesabu mimea pia kuwa wanyamapori, ingawa jina laweza kumpotosha mtu. Mti wa Gigasiphon macrosiphon, wenye maua meupe makubwa, hapa Kenya unajulikana katika misitu michache tu ya Kwale, na Mrima ni mmoja wao. Tunazo orodha nzuri za mimea tangu Ann Robertson na Quentin Luke walipoizunguka misitu ya pwani, ripoti yao ikatoka mwaka 1993. Upande wa mimea tuko mbele. Upande wa vyura, popo na viumbe wa udongoni, madaftari ya matawi yetu mengi ni matupu, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Mtu ataniuliza: kuna ubaya gani kama kiumbe atagunduliwa baadaye, kazi ikiwa imeshaanza? Jibu liko Tanzania, katika bonde la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Serikali ilikuwa inajenga bwawa la umeme, na fedha za wakopeshaji zilikuwa zimeshaingia. Ndipo mwaka 1996 watafiti wakamwona chura mdogo wa rangi ya dhahabu, anayezaa watoto waliokamilika bila kupitia hatua ya kiluwiluwi, akiishi ndani ya manyunyu ya maporomoko yale tu. Makazi yake yote hayakufika hekta mbili. Mwaka 2000 maji yakageuzwa kwenda kwenye mitambo, na manyunyu yakakatika. Vyura 499 wakapelekwa Marekani kwa ndege. Mabomba ya kunyunyizia maji yakafungwa bondeni ili kuyaiga maporomoko. Mwaka 2003 idadi ya waliobaki ikaporomoka, huku ugonjwa wa kuvu unaoua vyura ukigunduliwa miongoni mwao, na mwaka 2009 IUCN ikatangaza kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Tangu 2012 wanarudishwa kidogo kidogo kutoka maabara na bustani za wanyama, kwa gharama na jasho la watu wengi. Nchi ilihitaji umeme, na sitawahukumu waliouhitaji. Lakini chura yule angejulikana miaka mitano mapema, wahandisi wangeweza kupanga mgawanyo wa maji kabla ya kumwaga zege. Baada ya zege kilichobaki ni mabomba na ndege ya kwenda Marekani.

Ziwa Natron, hukohuko Tanzania, nako kuna funzo dogo. Mpango wa kuvuna magadi kutoka ziwa lile umeibuka mara kadhaa tangu miaka ya 2000. Inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa pale, lakini hawatagi kila mwaka. Husubiri kina cha maji kiwafae. Atakayekwenda mwaka mmoja tu anaweza kukuta ziwa halina kiota hata kimoja.

Sasa niwaambie habari inayonipa moyo. Kuna kwera wa manjano na mweusi anayeishi Arabuko-Sokoke na Dakatcha tu, katika kaunti jirani ya Kilifi. Sayansi ilimpa jina mwaka 1913. Kwa miaka 100 hakuna aliyejua anataga wapi. Wataalamu kutoka nchi nyingi walitafuta juu ya miti wakakosa. Machi 2013 viota vikapatikana Dakatcha, katikati ya ndago za kinamasi cha msimu, karibu na ardhi, baada ya mvua kujaza kinamasi kile. Miongoni mwa waliovipata walikuwa wanachama wa kikundi cha uhifadhi cha Dakatcha, watu kama sisi, wenye darubini za kuazimana na viatu vya plastiki. Walifanikiwa kwa sababu wanaishi pale, na mvua iliponyesha walikuwa wa kwanza kujua.

Basi nawaombeni tuanze sasa, kabla mwekezaji hajatia mguu. Kila tawi liwe na daftari moja la msitu wake, na kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna kitu cha ajabu, watu wawili waende na kuandika. Andikeni tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka, majina ya waliokwenda, njia iliyopitwa, hali ya hewa, na kilichoonekana au kusikika. Zaidi ya yote, andikeni pia mlichokitafuta mkakikosa. Wanachama wengi huniletea orodha ya walichokiona peke yake, na ninawashukuru; lakini safari iliyotoka patupu na ikaandikwa vizuri ina thamani ileile kwa atakayepiga hesabu baadaye. Simu ikirekodi sauti, hifadhini sauti. Picha ya unyayo ipigwe na rula au sarafu kando yake. Mzoga uliogongwa na gari barabarani nao ni ushahidi. Upigeni picha, mwandike mahali.

Wazee na akina mama waulizwe kwa heshima na kwa utulivu. Msiende na picha moja ya mnyama mkasema, “Huyu mmemwona?” Mtu wetu ni mkarimu, atasema ndiyo ili asikuvunje moyo. Anzeni kwa kumwacha aeleze mwenyewe: zamani mlikuwa mnaona nini, mlikiitaje kwa Kidigo, kilikuwa kinakula nini, mara ya mwisho ilikuwa lini, kabla au baada ya mvua zile za El Niño? Kisha toeni picha nyingi, na katikati yake mchanganye mnyama wa Amerika Kusini ambaye hawezi kuwa hapa. Anayemtambua huyo naye, maelezo yake yaandikwe kwa penseli. Wavunaji wa asali wanajua mashimo ya miti kuliko daktari yeyote wa chuo kikuu, na waokota kuni wanajua sakafu ya msitu.

Hapa nina neno zito, na nitalisema bila kuzunguka. Asiwepo mwanachama wa chama hiki atakayedai kumwona kiumbe ambaye hakumwona. Najua kishawishi kipo. Mtu anaupenda msitu, anaona ripoti inakuja, anajiambia kwamba jina moja tu kwenye orodha litaokoa kila kitu. Uongo mmoja ukifichuka mbele ya mahakama, madaftari yote ya matawi yote yatatupwa nao, pamoja na ukweli wa watu walioamka saa kumi za alfajiri kwa miaka. Tena tukubali matokeo yanayokwenda kinyume na matakwa yetu. Tukitafuta inavyopaswa, misimu yote, mchana na usiku, na kiumbe asipatikane, tutaandika hivyo na kuweka sahihi.

Jingine ni siri ya mahali. Kiota cha ndege adimu au mti uliobaki mmoja usiwekwe kwenye kundi la WhatsApp. Wapo wanaonunua mayai, wapo wanaonunua mbegu, na wapo wanaoweza kuona nafuu mti huo usiwepo kabla ya ukaguzi. Taarifa kamili ya mahali iende kwa katibu wa tawi, kisha kwa maafisa wa Makavazi ya Kitaifa, wa shirika la wanyamapori, KWS, au wa huduma za misitu. Wengine waambiwe jina la msitu tu.

Ripoti ya mwekezaji itakapotoka, tuisome. Ni hati ya umma. Kanuni za tathmini za mwaka 2003 zinamtaka afanye angalau mikutano mitatu na jamii zinazoathirika wakati wa utafiti, na atangaze gazetini na redioni. Nendeni kwenye mikutano hiyo, mketi mbele, mwandikishe majina, maana asiyekuwepo na lake halipo. Ripoti ikishawasilishwa, NEMA hutangaza muda wa kupokea maoni. Muda huo hutajwa kwenye tangazo lenyewe na haumsubiri mtu. Maoni ya mdomo barazani ni mazuri, lakini yaandikwe, yagongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ibaki kwetu. Leseni ikitolewa na tukaona ushahidi wetu umepuuzwa, tuna siku 60 za kukata rufaa katika Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira. Siku 60 hazitoshi kuanza kutafuta ndege wa msimu. Zinatosha tu kwa mtu ambaye daftari lake limeshajaa.

Mkiisoma, msianze na muhtasari wa mbele. Nendeni kwenye viambatisho vya nyuma, mwangalie tarehe za kazi ya uwanjani, saa, majina na taaluma za waliokwenda, na ramani ya njia walizopita. Mtaalamu wa udongo akiwa ndiye aliyehesabu popo, semeni. Angalieni pia kama walikagua shimo la mgodi peke yake, au na barabara ya malori, bwawa la mabaki, laini ya umeme na chanzo cha maji, maana kiumbe anaweza kuponea kilimani akauawa na bwawa lililo kilomita tano mbali. Na kama fedha za mgodi zinatoka kwa wakopeshaji wanaofuata masharti ya IFC, taasisi ya Benki ya Dunia inayokopesha kampuni, kumbukeni Kiwango cha Utendaji Namba 6 na mwongozo wake: mahali palipo na angalau asilimia 0.5 ya idadi yote duniani ya spishi iliyo hatarini, pamoja na vikundi vitano au zaidi vya kuzaliana, hupewa hadhi ya makazi nyeti, na mkopaji hutakiwa kuonyesha kwamba viumbe hao wataongezeka. Benki huwa zinasikiliza namba kuliko vilio.

Wale watafiti watakaotumwa kwetu si maadui. Wengi ni vijana wetu wa vyuo vya Pwani na Nairobi, wamepewa siku chache na bajeti finyu na mtu anayelipa ili apate leseni. Sheria yenyewe ndiyo inayomfanya mwenye mradi kuwa mlipaji wao. Wapokeeni, wapeni maji, wapeni mwongozaji anayejua njia, na wafungulieni madaftari. Mtafiti mwaminifu akikuta kumbukumbu ya miezi kumi na miwili mezani atashukuru, na itamlazimu kuinukuu. Asiye mwaminifu itamlazimu kueleza kwa nini hakuinukuu. Ile kanuni ya tahadhari iliyomo katika sheria ya mazingira ya 1999, kwamba uhaba wa uhakika wa kisayansi usiwe kisingizio cha kuacha kuzuia madhara makubwa, ina nguvu pale tu penye dalili za kuaminika za kuiwekea uzito.

Madaftari mapya yapo ofisini, pamoja na penseli na tochi mbili kwa kila tawi. Makatibu waje kuyachukua kabla ya masika, na watu wawili wa zamu ya kwanza watajwe katika mkutano ujao wa tawi. Safari ya kwanza ya usiku ifanyike mvua ikishanyesha wiki moja mfululizo, na nakala ya ukurasa wake iletwe kwangu mwisho wa mwezi huo, hata kama hamkusikia chura hata mmoja.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama